Kamba Iliyovuta Kanta

Walisema sitafika hata uwanja wa ndege. Walisema nikifika nitarudishwa, na nisiporudishwa nitapotelea huko. Jamaa mmoja anayeuza karoti kando ya barabara kuu pale Gilgil alisema mbele yangu, huku akipanga karoti zake, kwamba nikiingia kwenye shimo la nchi ya watu nitarudi ndani ya sanduku, na yeye hatachanga hata shilingi moja ya kulisafirisha hilo sanduku. Nilinunua karoti zake za shilingi hamsini nikamwambia aendelee kuongea.

Niseme mapema mimi ni nani, maana hapa Nakuru kuna watu wanaojiita wataalamu wa mapango kwa sababu walipigwa picha kwenye ukingo wa kreta ya Menengai. Mimi nina diploma ya ujenzi. Niliisomea Nakuru miaka mitatu, nikila mlo mmoja kwa siku, na hakuna mkubwa yeyote aliyenishika mkono. Kazi ilipokosekana nilienda Uarabuni, nikaning'inia kwa kamba kwenye majengo marefu nikiosha vioo. Nilifanya hivyo miaka minne. Nyumbani Ndabibi walicheka, wakasema nina diploma ya kuosha madirisha. Hawakujua kwamba kule nilifundishwa kamba na watu wasiocheka: kuifunga, kuikagua, kushuka nayo, kumshusha mwenzako aliyezimia ukiwa wewe mwenyewe unaning'inia. Mitihani ya kamba ilikuwa mitatu na yote niliipita mara ya kwanza. Kuna waliorudia.

Msimamizi wetu kule alikuwa mwanamke, mhandisi, na siku za mapumziko alituchukua wachache kwenda milimani kuingia mapangoni. Wengi walienda mara moja wakasema inatosha. Mimi nilienda kila mara. Sijui namna ya kumweleza mtu asiyewahi kuingia. Unashuka kwenye giza, mguu wako unagusa mchanga ambao labda haujakanyagwa tangu dunia iumbwe, unainua taa ya kichwani, na ukumbi mkubwa kuliko kanisa letu unafunguka mbele yako. Nilicheka peke yangu siku ya kwanza. Mpaka leo huwa nacheka.

Niliporudi Kenya nilimjengea mama nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na akiba ikaishia hapo. Nilipata vibarua vya ujenzi Naivasha, na kila nilipopata nafasi niliingia mapango ya huku kwetu, haya yaliyoachwa na moto wa volkano. Pale Menengai watu huenda mapangoni kufunga na kuomba. Siku moja nilitokea chini yao, nimejaa vumbi, taa ikiwaka kichwani. Mama mmoja aliyekuwa kwenye siku ya tatu ya kufunga akasimama, akanyoosha mkono, akaanza kunikemea kama pepo, kwa jina la Yesu.

"Mathe, mimi ni mtu wa Ndabibi," nikamwambia.

"Hata huko wako," akasema, akaendelea kukemea.

Basi yule mhandisi akanipigia simu. Alikuwa anakusanya watu sita kwenda kaskazini mwa Madagaska wiki tatu, kwenye mapango ya mawe ya chokaa, yenye mashimo ya kwenda chini moja kwa moja. Alitaka mtu wa kamba. Malipo yangetoka kazi ikiisha, na kazi ikiwa nzuri ningeitwa kila msimu wa kiangazi. Lakini kila mmoja alipaswa kufika na tiketi yake, bima yake, na kamba yake mpya ya mita themanini. Nafasi ilikuwa moja. Aliniita mimi kwanza, na hilo halikunishangaza.

Pesa sikuwa nazo. Ilibidi nikope, na kwetu ukikopa pesa ya safari huwezi kusafiri peke yako tena. Kamati huundwa. Hukaa sebuleni, huwa na mwenyekiti na mwandishi, hunywa chai, na kila anayetoa mkopo hupata haki ya kuuliza maswali. Kamati yangu ilikuwa na mama, aliyekuwa mwandishi. Shangazi yangu, ambaye ni mwenyekiti wa chama cha akina mama na akawa mwenyekiti wetu pia bila kupigiwa kura. Mjomba, ndugu ya mama, mwenye kanta, lori dogo la kubeba viazi na kabeji. Na jirani wa shangazi kutoka Gilgil, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu humwita afande.

"Huko kuna simba?" mjomba akaanza.

"Madagaska hakuna simba."

"Chui?"

"Hakuna."

"Sasa hiyo ni nchi gani," mjomba akasema. Mwandishi akaandika hivyo hivyo kwenye kumbukumbu.

Nikawaambia kuna mamba. Wengine kwenye timu wangeficha. Mimi nilisema kuna mito inayopita ndani ya mapango, na baadhi ina mamba, na kwa hiyo maji tusiyoona chini yake hatutaingia. Mama akaweka kikombe chini.

Watu huniuliza kama mapango ni hatari. Hilo si swali, maana hata kuvuka barabara kuu pale Gilgil ni hatari. Mimi huuliza mambo mengine. Mtu akivunjika mguu ndani, nani atakuja, anatoka wapi, na atachukua saa ngapi kufika? Huku kwetu najua ni nani nitampigia. Kule hospitali yenye daktari wa upasuaji ilikuwa mbali, safari ya siku nzima kwa barabara mbovu, na watu wa uokoaji wa mapangoni hawakuwapo kabisa. Hivyo mimi hupiga hesabu kana kwamba hakuna mtu atakayekuja. Kila kitu kinachoweza kumtoa mtu nje tunaingia nacho wenyewe. Halafu nauliza mvua inanyesha lini, na inanyesha wapi, kwa sababu inayokuzamisha pangoni ni ile iliyonyesha nyuma ya vilima, usiyoiona. Nauliza nani ataachwa juu, na ameambiwa aanze kutafuta msaada saa ngapi tusipotokea. Nauliza bima inasema nini kuhusu mapango, maana nyingi hulipa mpaka mlangoni tu.

Nilieleza haya yote kwa nusu saa. Afande alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Na wewe mwenyewe ukikataa kuingia," akasema, "kiongozi atakusikiliza?"

Hilo ndilo swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nilimpigia mhandisi pale pale, mbele ya kamati, nikaweka simu kwenye spika. Alijibu kwamba mtu yeyote akisema turudi, wote wanarudi, na hakuna anayeulizwa sababu mpaka mko nje. Afande akafungua pochi, akatoa mkopo wake. Wengine wakafuata. Mama aliuza ndama. Shangazi alileta pesa za chama kwa sharti kwamba nikifa nirudishe kabla sijafa.

Kamba niliinunua Nairobi, kwenye duka la vifaa vya kupanda milima. Ilikuwa nyeupe yenye uzi wa buluu, nene kama kidole changu cha mwisho. Mama aliipima kutoka mlangoni mpaka kwenye boma la ng'ombe, kwenda na kurudi, na ikabaki. Jioni nzima majirani walikuja kuigusa. Niliiweka kwenye mfuko wake chini ya kitanda changu.

Zikiwa zimebaki siku sita nilienda Nairobi kuchanjwa homa ya manjano na kumalizia mambo ya tiketi. Nililala huko siku mbili, na huku nyuma mvua ilinyesha Ndabibi. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichokiona kutoka barabarani kilikuwa kamba yangu. Ilikuwa imeanikwa kwenye ua, juani, katikati ya mashati ya mjomba. Imeoshwa kwa sabuni ya unga, inang'aa.

Mjomba alitoka nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Mpwa wangu," akasema, "hiyo kamba ni ya ukweli. Jana kanta ilizama matopeni kule chini na magunia arobaini ya viazi. Nilijua hapo ndipo pa kuipima. Trekta likavuta mara ya kwanza, likavuta mara ya pili, mara ya tatu kanta ikatoka kama jino. Kamba haikukatika. Sasa unaweza kwenda. Haiwezi kukuua."

Mama alikuwa nyuma yake anatabasamu. Hata yeye alikuwa ameshika sehemu wakati wa kuosha. Walikuwa wamefurahi wote, kwa sababu tangu siku ya kamati walikuwa na hofu moyoni, na sasa hofu ilikuwa imekwisha. Walikuwa wamehakikisha kamba kwa njia wanayoijua, kwa mzigo mzito kuliko wote walionao.

Niliishusha kamba kutoka kwenye ua nikaketi kwenye nyasi, nikaipitisha vidoleni kidogo kidogo, mita zote themanini. Ilinichukua saa nzima. Nilitafuta mahali palipolegea, palipovimba, palipobonyea. Sikupata. Kwa macho ilikuwa kama mpya. Na nikiri hapa, maana sina haja ya kujificha: nilifikiria kuikunja na kwenda nayo. Nani angejua? Zilikuwa zimebaki siku nne. Pesa za kununua nyingine hazikuwepo. Nisipokwenda, ndama wa mama ameuzwa bure, na pesa za akina mama thelathini zimelala kwenye uzi mweupe. Na jamaa wa karoti angepata la kusema mpaka azeeke.

Halafu nikawafikiria watu wengine. Ile kamba haikuwa ya kunibeba mimi tu. Mimi ndiye ningeifunga, na watu watano wangeshuka nayo kwa sababu wanaamini kazi yangu.

"Mjomba," nikasema, "hii kamba imekufa."

"Imekufa vipi? Iko wapi imekatika?"

"Haijakatika. Imekufa ndani."

"Kamba imevuta kanta na viazi, itashindwa kukubeba wewe? Wewe una kilo ngapi? Sabini? Huwezi kufika hata magunia mawili ya viazi."

Nilimweleza kwamba ganda la nje ni la kulinda tu, na nyuzi zinazobeba mtu ziko ndani, hazionekani. Zikivutwa na trekta zinanyooka na hazirudi. Mchanga wa Ndabibi umeingia katikati yake, na kila ukiikunja unakata kidogo. Ukingo wa chuma cha kanta nao haujulikani umegusa wapi. Inaweza kushikilia mwaka mzima. Inaweza kukatika Jumanne. Mjomba akageuka kwa afande, ambaye alikuwa amekuja kusikia habari za safari.

"Afande, mwambie."

Afande akaiangalia kamba, akaniangalia mimi. "Jeshini kamba ikivuta gari," akasema, "hairudi kwa watu tena."

Nilimwomba mama panga. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko lile, na nimeshuka mashimo ambayo ukitupa jiwe unasubiri kabla ya kulisikia. Niliikata kamba vipande vya mita tano tano juu ya gogo la kupasulia kuni. Niliikata ili nisibadili mawazo kesho. Mjomba alisimama mpaka kipande cha tatu, kisha akachukua kofia yake, akaondoka bila kunywa chai, na kwetu hiyo ni kesi. Vipande vile vinafunga ng'ombe wa Ndabibi hadi leo, na wamiliki wake wanakubali hawajawahi kuwa na kamba kama hizo.

Nilimpigia mhandisi nikamwambia ukweli. Hakunisifu.

"Bila kamba siwezi kukuchukua," akasema. "Ijumaa saa sita mchana nampa mwingine nafasi."

Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nilisikia honi langoni, ile honi ya kanta ambayo hata mbwa wetu wanaijua. Mjomba alikuwa ndani, amevaa koti la kanisani, hakuzima injini.

"Ingia."

"Tunaenda wapi?"

"Nairobi. Nataka kuona duka linalouza kamba isiyovuta."

Alikuwa ameuza yale magunia arobaini ya viazi, na mfukoni alikuwa na pesa alizoziweka kwa ajili ya matairi. Dukani alinitangulia. Kijana wa kaunta akamkaribisha, na mjomba akaegemea kama anayenunua ng'ombe.

"Boss, kama mimi ningechukua hii nikavuta nayo kanta, halafu nikaiosha vizuri, ungeinunua tena?"

"Mzee," yule kijana akasema, "ningeitupa."

"Hata kama haijakatika?"

"Hapo ndio ningeitupa mbali zaidi."

Mjomba akalipa. Kurudi, tulipokuwa tunapanda kuelekea Gilgil, akasema akiwa ameangalia barabara, "Ningejua ningeomba mnyororo wa jirani." Huko ndiko kuomba msamaha kwake, na nilimwambia nimesikia. Tulipofika nyumbani alichukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye mfuko wa kamba kwa herufi kubwa: SI YA KANTA. Nilisafiri nayo hivyo hivyo. Kwenye uwanja wa ndege ofisa aliyekagua mizigo aliisoma mara mbili akaniuliza kanta ni nani.

Madagaska niliipenda. Asubuhi wanakula wali, mchana wali, jioni wali, na ng'ombe wao wana nundu kama wetu wa zamani. Mawe ya kule yamechongoka kama visu vilivyosimamishwa. Nilifunga kamba kila siku kabla ya wengine kuamka, nikaikagua kila jioni baada ya wao kukaa, na kwa wiki tatu hakuna aliyechubuka mkono kwa sababu ya kazi yangu. Popo walipita juu yetu kama mto. Kwenye shimo moja lenye kina cha mita sitini, mwanga wa jua ulianguka mpaka chini, na nilipokuwa katikati, nikining'inia, nilijikuta naimba wimbo wa kanisa wa kwetu. Wale walio chini wakanipigia makofi.

Siku ya tisa tulikuwa chini kabisa, tukifuata kijito chembamba kinachopita ndani ya mwamba. Niliona maji yamebadilika kidogo, yamekuwa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, na jani moja bichi likapita. Kule ndani hakuna mti. Nikasema turudi.

Wawili walinung'unika. Tulikuwa tumebakiza kona moja. Lakini sheria ilikuwa sheria, na tukapanda kamba mmoja mmoja, saa mbili nzima. Tulipotoka nje, jua lilikuwa linawaka, mbingu safi kama sufuria iliyosuguliwa. Tulikaa kwenye nyasi tukisubiri mafuriko. Hayakuja. Walinicheka mpaka mmoja akalala chali. Wakaniita Bwana Jani. Nami nilicheka, kwa sababu wote sita tulikuwa pale, wazima, tunahesabika.

"Kesho ukiona jani utasema tena?" mhandisi akaniuliza.

"Nitasema hata nikiona nusu jani."

Kesho yake maji yalikuwa safi. Tuliingia, tukapita ile kona, na nyuma yake kulikuwa na ukumbi ambao kuta zake zinameta kama zimenyunyiziwa chumvi. Nilikuwa mtu wa kwanza wa Ndabibi kufika pale. Hakuna anayelipinga hilo.

Kazi ilipoisha nililipwa, na mhandisi akaniandikia barua ya msimu uliofuata kabla hata sijafungasha mizigo. Nimekwenda mara tatu sasa. Lakini pesa ya safari ile ya kwanza sikuinunulia hata soksi. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, baada ya ibada, niliita kamati yote nyumbani kwa mama. Nilivaa suti niliyoshonewa Nakuru, na jua lilikuwa kali, nikatoka jasho bila kuivua. Kila mmoja nilimwita mbele kama anayepokea cheti. Afande alihesabu pesa zake akapiga saluti, nami nikairudisha vizuri kuliko askari. Shangazi alizipokea za chama akaamuru makofi, na akina mama wakapiga mpaka kuku wakakimbia. Mama alikataa bahasha. Niliiweka mezani mbele yake nikasema siondoki mpaka aishike, na baada ya chai mbili akaishika, akaiangalia, akaniuliza kama kweli ndama alikuwa na thamani hiyo. Nilikuwa nimemwongezea.

Mjomba nilimwacha mwisho. Mkopo wake ulikuwa mkubwa kuliko yote, maana kulikuwa na wa kwanza na kulikuwa na matairi. Alichukua bahasha bila kuifungua, akaitia ndani ya koti, akasema kati ya ndugu hakuna kuhesabiana. Kisha akatoka nje. Nilipomfuata baadaye nilimkuta ameketi ndani ya kanta, madirisha yamefungwa, akilowesha kidole na kuhesabu. Aliponiona hakuona aibu. Alifungua mlango wa upande wa pili.

"Imetimia," akasema. "Ingia tukatafute matairi."

"Leo ni Jumapili, mjomba. Maduka yamefungwa."

"Basi tuzunguke tu."

Tukazunguka. Tulipita Ndabibi yote taratibu, suti yangu imejaa vumbi, kioo kimeshushwa, na kila mtu aliyesimama barabarani nilimpungia mkono, kwa sababu hakukuwa na hata mmoja anayenidai.